Mbwa wa jirani wanaozurura na kung'ata: uanzie wapi, umalizie kwa nani

Mitaa mipya ya pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Goba na Madale hadi Chanika, hujengwa kwa mpangilio mmoja: nyumba kwanza, ukuta baadaye pesa ikipatikana, geti mwisho. Mbwa huletwa kabla ya ukuta, na wengine kabla hata ya paa, ili walinde nondo na mabati. Mchana hufungiwa bandani, usiku hufunguliwa. Penye ukuta hakuna neno. Pasipo ukuta, mbwa huifanya barabara yote kuwa kiwanja chao, na wanaokutana nao ni mtoto wa shule anayewahi daladala saa kumi na moja na nusu, waumini wa swala ya alfajiri, mama anayefuata samaki soko la Feri na bodaboda aliyempakia.

Mwongozo huu ni wa anayeishi jirani na nyumba ya namna hiyo. Umeandikwa kwa mazingira ya Tanzania Bara, na chini kidogo nimegusa Zanzibar na Kenya. Nimeanza na jeraha badala ya ugomvi, kwa sababu ugomvi unaweza kusubiri wiki nzima na jeraha haliwezi kusubiri saa moja.

1. Mtu akishang'atwa

Osha. Kabla ya kumtafuta mwenye mbwa, kabla ya kupiga simu, kabla ya kuita pikipiki ya kwenda hospitali, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Sabuni ya kipande ya kufulia inatosha. Kama bomba halitoi, mmoja amimine kwa kopo na mwingine asafishe. Dakika 15 ni ndefu kuliko unavyodhani ukiwa na mtoto anayelia mikononi, kwa hiyo tazama saa ya simu, usikadirie. Virusi vya kichaa cha mbwa hukaa kwenye mate, na sabuni huviharibu vingi vikiwa bado kwenye kidonda, kabla havijashika mishipa ya fahamu. Ukiwa na spiriti au ayodini, paka baada ya kuosha.

Usipake majivu, mafuta ya taa, pilipili, dawa ya meno wala majani yaliyotafunwa. Usikaze kidonda kwa kitambaa. Kidonda cha mbwa kwa kawaida hakishonwi haraka, kwa hiyo mhudumu akikiacha wazi usidhani amekudharau.

Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni mkwaruzo. Shirika la Afya Duniani hugawa majeraha haya katika makundi matatu. Mbwa akikulamba penye ngozi nzima, osha tu. Akikukwaruza au kukubana kwa meno bila damu kutoka, unahitaji kuoshwa na kuchanjwa. Meno yakitoboa ngozi, au mate yakiingia kwenye kidonda, jichoni au mdomoni, unahitaji chanjo pamoja na kingamwili zinazodungwa kuzunguka jeraha lenyewe. Uliza pia sindano ya pepopunda.

Chanjo ya kichaa cha mbwa haipo katika kila zahanati. Piga simu hospitali ya wilaya kabla ya kusafiri, na kama hawana, waulize ni wapi ipo leo. Usikubali jibu la "njoo wiki ijayo". Sindano ya kwanza huchomwa siku ile ile, kisha siku ya 3, siku ya 7, na nyingine kadiri ya ratiba ya hospitali. Wengi huacha baada ya ya pili kwa sababu kidonda kimekauka. Kidonda kukauka hakuna maana yoyote hapa. Dalili kwa binadamu kwa kawaida hujitokeza baada ya miezi miwili au mitatu, mara chache ndani ya wiki moja, mara chache baada ya mwaka, na zikishaanza hakuna tiba ya kutegemea. Makadirio ya dunia ni vifo 59,000 kwa mwaka, asilimia 99 ya maambukizo yakitoka kwa mbwa, na karibu nne kati ya kila kumi wanaong'atwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na ugonjwa ni watoto walio chini ya miaka 15. Kwa Tanzania makadirio yanayotajwa ni vifo kama 1,500 kwa mwaka. Watu hao karibu wote wangepona kwa sabuni na sindano.

Hospitalini huenda ukaulizwa PF3, ile fomu ya polisi. Ichukue, kwa sababu baadaye ndiyo itakayosema kwamba tukio lilitokea. Ila iende sambamba na matibabu: mmoja aende kituoni, mwingine ampeleke majeruhi.

Mbwa mwenyewe asiuawe. Najua hilo ndilo jambo la kwanza vijana wa mtaa watakalotaka kufanya. Mbwa aliye hai na aliyefungiwa ana manufaa kwako: afisa mifugo humwangalia kwa siku 10, na akibaki mzima siku zote hizo, hakuwa na virusi kwenye mate siku aliyokung'ata, na daktari anaweza kuamua chanjo ziendelee au zikome. Akiwa ameshauawa, kichwa kisipondwe wala kisitupwe. Ubongo ndio unaopimwa. Msimshike kwa mikono mitupu. Mwiteni afisa mifugo.

Mbwa mwenye kichaa hutambulika zaidi kwa kubadilika tabia kuliko kwa ukali. Mpole anageuka mkali, mkali anajisogeza kwa watu kama anayeomba msaada. Anatafuna mawe na vijiti, sauti inakwaruza, taya linalegea, udenda unamtoka, miguu ya nyuma inayumba. Ukiona hivyo, watoto waingie ndani na viongozi wajulishwe saa hiyo hiyo, bila kupitia hatua zinazofuata hapa chini.

2. Ukikutana nao njiani

Usikimbie. Mbwa aliyekuwa anabweka tu ataanza kukimbiza kitu kinachokimbia, na hakuna mtu anayemshinda mbwa mbio. Simama, geuka ubavu, usimkodolee macho, mikono iwe chini. Weka kitu kati yako na yeye: begi, mwavuli, ndoo, baiskeli. Rudi kinyumenyume pole pole mpaka utoke kwenye eneo analolinda. Mara nyingi ni hatua ishirini au thelathini tu, kisha anakuacha.

Kuinama kama unayeokota jiwe huwafukuza mbwa wengi wa huku kwetu, kwa kuwa wamekwisha kupigwa mawe tangu wakiwa wadogo. Lakini hilo lifanye ukiwa mbali nao. Ukiinama mbwa akiwa hatua mbili mbele yako, umempa uso.

Wafundishe watoto maneno matatu: simama kama mti. Wakiangushwa, wajikunje, magoti kifuani, vidole vishikane nyuma ya shingo na viwiko vifunike masikio, wanyamaze. Wafanye mazoezi nyumbani, iwe mchezo. Mwendesha baiskeli ashuke, baiskeli iwe kati. Kwa bodaboda ni vigumu zaidi. Wengi huongeza mwendo na kunyanyua miguu, na hapo ndipo abiria huanguka. Kupunguza mwendo kunawakatisha mbwa tamaa kuliko kuongeza.

Wale wasemao mbwa anayebweka haumi wanamsema mbwa mmoja aliye ndani ya uzio. Wakiwa watatu na wako barabarani, anayebweka huwapa moyo wale wasiobweka, na anayetokea nyuma ndiye hung'ata.

3. Jua mbwa ni wa nani, kisha andika

Hatua hii inarukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayoangusha malalamiko mengi. "Mbwa wa kwa Mzee" si lazima wawe wa Mzee. Kwenye maeneo haya mapya kuna mbwa wa mwenye nyumba anayeishi Mwanza, wanaolishwa na kijana mlinzi wa pagale; kuna mbwa wa mpangaji aliyehama akawaacha; kuna mbwa wanaolala nyuma ya banda la mama lishe na kula mabaki, hawana mwenyewe, ila kila mtu hudhani ni wa jirani yake. Angalia wanarudi wapi kula jioni na wanamfuata nani. Muulize kijana wa getini taratibu, bila kumtisha: mbwa hawa bosi wako anawajua?

Ukishajua, tenga daftari au ukurasa kwenye simu. Kila tukio: tarehe, saa, mahali, mbwa wa rangi gani, alifanya nini, nani aliona. "Mbwa wanatusumbua kila siku" halina uzito ofisini. "Jumanne saa 11:40 alfajiri, mbwa mwekundu mwenye sikio lililokatika alimkimbiza mtoto hadi barabara ya lami, shahidi ni muuza chapati wa kona" lina uzito. Piga picha au video ukiwa mahali salama. Kuku wakiliwa, piga picha ya mizoga palepale na uandike bei yake ya sokoni ya siku ile.

Tazama pia saa. Baada ya wiki mbili utagundua kwamba matukio karibu yote hutokea kwenye vipindi viwili vifupi, alfajiri na baada ya saa tatu usiku. Hilo litakusaidia kwenye hatua inayofuata kuliko ushahidi wote.

4. Nenda kwa jirani, uombe kitu kimoja

Watu wengi huenda kwa jirani kusema "mbwa wako wanatusumbua, tunaomba uwaondoe." Ukiomba hivyo umeshindwa kabla hujakaa. Umemwambia mtu aliyeibiwa betri ya gari mwaka jana alale bila ulinzi, kwa ajili yako. Omba kitu ambacho anaweza kukifanya kesho bila kutumia pesa: afungie mbwa kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na asiwafungue kabla ya saa nne usiku.

Nenda mchana, Jumapili ni nzuri, usiende usiku ule ule mtoto aliporudi analia. Nenda na mtu mmoja anayeheshimiana naye, msizidi wawili. Ukienda na watu sita ni maandamano. Piga hodi ukiwa nje, maana mbwa wako ndani.

"Hodi hapa! Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibuni. Subirini niwafungie hawa."

"Asante mzee. Tumekuja na ombi dogo. Kijana wetu wa darasa la tatu anapita hapa saa kumi na moja na nusu kwenda shule. Wiki hii mbwa wamemkimbiza mara mbili, na juzi nusura agongwe na pikipiki. Tulikuwa tunaomba, kama itakupendeza, saa kumi na moja wawe wameshafungiwa."

"Hawa hawana neno, wanatisha tu. Mwambieni asikimbie."

"Tumemwambia mzee. Ila wewe wanakujua, yeye hawamjui, na bado ni mtoto. Saa kumi na moja tu, mzee. Usiku hatuwagusi, wanatulinda hata sisi."

Sentensi ya mwisho ifikirie vizuri, kwa sababu mara nyingi ni kweli, na ni yenyewe inayomfungua. Anayesikia kwamba mbwa wake wanathaminiwa husikiliza na yale mengine.

Jibu utakalolipata zaidi ni wezi. Usibishane nalo. Sema unakubali wezi wapo, na ndiyo sababu mbwa abaki ndani: mbwa aliye barabarani hulishwa na kuzoeshwa na yeyote mwenye kipande cha nyama, na nyumba inabaki tupu. Jibu la pili ni kwamba hana uwezo wa kujenga ukuta. Hapo usiondoke, hapo ndipo pa kusaidia. Senyenge na miti ya mpakani inagharimu sehemu ndogo ya ukuta wa tofali. Michongoma ikikatwa vizuri huwa uzio baada ya misimu michache. Kwa leo kuna njia rahisi zaidi: nguzo mbili, waya mnene uliokazwa kati yake kwa urefu wa kiwanja, pete juu ya waya na mnyororo kutoka kwenye pete. Mbwa anatembea upande hadi upande, analinda, ila hafiki barabarani. Mnyororo mfupi wa kushinda mtini ni kosa. Mbwa afungwaye hivyo siku nzima hutoka na hasira maradufu.

Muulize pia kuhusu chanjo, ila kwa namna ya kujuza: "Mzee, hawa walishachanjwa mwaka huu?" Mbwa huchanjwa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Akisema ndiyo, omba kuona kadi. Akisema bado, mpe namba ya afisa mifugo wa kata. Na akiwa na jike, fahamu kwamba jike likiwa kwenye joto, kiasi cha mara mbili kwa mwaka, huvuta madume ya mtaa mzima kwa wiki mbili tatu; vurugu nyingi za makundi ya mbwa zina chanzo hicho. Kuhasi dume na kufunga kizazi cha jike kunapunguza kuzurura, na hilo hufanywa na daktari wa mifugo.

Kuna jambo la dini, na mwambao huu halikwepeki. Kwa Waislamu wengi mate ya mbwa ni najisi, na kwa wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi pwani, chombo kilicholambwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa akiingia barazani kwenye majamvi na vyombo, machungu yake si ya kuogopa kung'atwa tu. Una haki ya kusema hilo. Lakini usilianze nalo kwa jirani asiye Mwislamu, kwa sababu mazungumzo yatageuka kuwa ya dini yake na yako, na mbwa watasahaulika barabarani. Anza na usalama wa watoto, jambo ambalo hakuna dini inayolipinga.

Na tafadhali, kundi la WhatsApp la mtaa lisitangulie. Ukimwaibisha mtu mbele ya nyumba themanini, atawaachia mbwa kwa makusudi.

Akikubali, rudi baada ya wiki ukamshukuru. Watu husahau hapo. Akikubali kisha akalegea, mkumbushe mara moja kwa ujumbe mfupi wa maandishi wenye adabu, wenye tarehe ya makubaliano yenu. Ujumbe huo uhifadhi.

5. Mjumbe, serikali ya mtaa, na afisa mifugo

Ikishindikana, panda ngazi moja moja. Mjumbe wa nyumba kumi, au balozi, ni kiongozi wa shina la chama cha CCM na wala si mtumishi wa serikali, lakini anawajua wote wawili na kikao chake hakina gharama. Kikishindikana kwa mjumbe, nenda ofisi ya serikali ya mtaa. Kijijini ni mwenyekiti wa kitongoji, kisha ofisi ya kijiji.

Peleka barua. Maneno ya mdomo hupotea siku mwenyekiti anapokwenda msibani. Mfano ni huu:

*Mtendaji wa Mtaa,*
*Mtaa wa …………, Kata ya …………*

*YAH: MBWA WANAOZURURA NA KUHATARISHA WAPITA NJIA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Sisi wakazi wa mtaa huu tunaoishi jirani na nyumba ya Ndugu …………, tunaleta malalamiko kuhusu mbwa wake watatu wanaoachwa bila kufungwa. Tarehe ……… saa ……… walimkimbiza mwanafunzi. Tarehe ……… walimng'ata mkazi aliyetibiwa kituo cha ……… (nakala ya PF3 imeambatishwa). Tulizungumza na mmiliki tarehe ……… akaahidi kuwafungia, lakini hadi leo hali haijabadilika.*

*Tunaomba ofisi yako imwite mmiliki tukae kikao. Imjulishe Afisa Mifugo wa Kata akague kama mbwa hao wamechanjwa. Na imtake mmiliki kuwafungia kuanzia saa 11 alfajiri.*

*Wako katika ujenzi wa taifa,*
*(majina, namba za nyumba na saini)*

Chapisha nakala mbili. Moja inabaki ofisini, ya pili igongwe muhuri wa "Imepokelewa" na tarehe, urudi nayo nyumbani. Bila muhuri huo, miezi mitatu baadaye utaambiwa barua haikufika. Saini za nyumba tano zinatosha, zikiwemo za watu wasio marafiki zako.

Muulize mtendaji kama halmashauri yenu ina sheria ndogo ya mifugo mjini. Nyingi zinayo, na ndani yake mna kifungu cha wanyama wanaozurura pamoja na faini. Mwenye mbwa huisikia faini hiyo kwa makini zaidi kuliko hotuba ya ujirani mwema.

Kwa maoni yangu mtu muhimu kuliko wote katika ngazi hizi ni afisa mifugo wa kata, na ndiye asiyekumbukwa. Watu hudhani kazi yake ni ng'ombe. Yeye ndiye anayeweza kuingia kwenye kiwanja cha jirani yako kwa jambo la chanjo bila kuonekana ametumwa na wewe. Sheria ya Magonjwa ya Wanyama ya 2003 inahusu kudhibiti magonjwa kama kichaa cha mbwa, na ile ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 inamgusa mmiliki anayemfunga mbwa kwa mateso au kumwacha bila chakula. Mbwa wengi wakali wa mitaani ni mbwa wenye njaa, na mlango huo wa pili hufunguka pale wa kwanza unapogoma.

Kama tatizo ni la mtaa mzima, ombeni siku ya chanjo. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kumbukumbu ya kifo cha Louis Pasteur mwaka 1895, na ofisi za mifugo nyingi huandaa chanjo karibu na siku hiyo. Lengo linalotumika ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo. Hapo ugonjwa hukosa njia ya kuendelea. Chanjo haimfanyi mbwa mpole, lakini inatoa kifo kwenye meno yake.

6. Polisi na mahakama

Kwa mbwa anayebweka tu, usiende polisi, utapoteza siku. Nenda pale mtu ameumizwa, au mmiliki amewaachia mbwa kwa makusudi wamshike mtu. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 233, inataja miongoni mwa makosa ya uzembe kutochukua tahadhari dhidi ya hatari inayoweza kutokea kutokana na mnyama uliye naye. Mwenye mbwa hahitaji kuwa ameamrisha mbwa ang'ate. Inatosha kwamba alijua hatari akaiacha. Na hapo ndipo daftari lako, ujumbe wa simu na barua yenye muhuri vinapoonyesha kwamba alijua.

Fidia ya matibabu na ya mifugo iliyoliwa, jaribuni kwanza kuimaliza kwa maandishi mbele ya mwenyekiti au baraza la kata: kiasi, tarehe ya kulipa, saini. Ikigoma, muone msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 kabla ya kulipa wakili. Ushauri wao ni wa bure. Tunza risiti zote, hata za nauli ya kwenda kuchoma sindano.

7. Sumu, hapana

Katika kila mtaa yupo mtu atakayekunong'oneza kuhusu nyama na dawa ya panya. Kuua mnyama wa mtu bila haki ni kosa la jinai, na siku hiyo mlalamikaji anakuwa mshtakiwa. Sumu haichagui: kuku, paka, mbwa wa mtu mwingine aliyemchanja, na mtoto anayeokota kitu chini. Tena unaua hata waliochanjwa, na nafasi yao hujazwa na mbwa wapya kutoka mtaa wa pili, ambao hujui hali yao. Mawe na fimbo za kila siku nazo hufundisha mbwa kuwa binadamu ni adui.

Kilicho mikononi mwako ni chakula chao. Angalia jalala lenu, utumbo unaomwagwa nyuma ya bucha, mifuko ya taka inayosubiri gari tangu usiku. Pipa lenye mfuniko na taka kutolewa asubuhi badala ya usiku hupunguza kundi linalokaa kona ile, hasa wale wasio na mwenyewe.

8. Zanzibar na Kenya

Zanzibar ngazi ya kwanza ni sheha, kiongozi wa serikali wa eneo, naye huwaita pande zote mbili haraka kuliko ofisi nyingi za bara.

Kenya mambo ya mbwa yako kwa kaunti: Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti udhibiti na ustawi wa wanyama, ikiwemo leseni za mbwa. Kwa hiyo barua huenda ofisi ya mifugo ya kaunti ndogo, nakala kwa chifu, na Nyumba Kumi, kundi la majirani la ulinzi shirikishi, wakiwa mashahidi. Kenya ina sheria yake mahususi ya kichaa cha mbwa, Sura ya 365. Matibabu ya jeraha ni yale yale: maji, sabuni, dakika 15, hospitali.

9. Kama mbwa ni wako

Wachanje kila mwaka, kadi iwe karibu na mlango. Walishe vya kutosha ili wasitafute jalalani. Mtu mmoja wa nyumba awe na jukumu la kuwafungia alfajiri, ajulikane kwa jina. Likiwa jukumu la wote halifanywi na yeyote. Mbwa wako akimng'ata mtu, usimfiche wala usimpeleke kijijini usiku. Mpeleke jirani hospitali, lipa, toa kadi ya chanjo kwa daktari, na mfungie mbwa siku 10. Mwombe radhi nyumbani kwake, siyo barabarani.

Ukihama, hama nao, au watafutie mwenyewe mwingine kabla lori halijafika, na umjulishe afisa mifugo nani amewachukua. Ukiwaacha kwenye nyumba tupu, kufikia mwezi wa pili watakuwa wa mtaa, na atakayehamia pale atalaumiwa kwa mbwa asiowajua.